UZI: Tupia hapa kauli na vituko vya watazamaji kwenye mabanda ya video, Mtwara na Lindi

#1 Njomba wa Chikongola

Wakuu, Ntwara kuchele.

Juzi nilikuwa Dar kwenye harusi. Mpwa wangu anayesoma chuo huko akaniambia, mjomba, leo nakupeleka sinema. Zile za ghorofani kwenye majengo ya maduka. Viti vya kuzama, ubaridi kama Newala mwezi wa saba, bisi ndoo moja kwa bei ambayo mtu anapata kilo tatu za korosho ghafi na chenji inabaki. Picha ikaanza, watu kimya. Nikajikaza na mimi. Ilipofika mahali stelingi ameinama kufunga kamba za viatu na adui anamnyemelea na kisu, kikanitoka:

"Nyuma yako wewe!"

Ukumbi mzima uligeuka kuniangalia mimi. Kijana wa kiti cha mbele akaniuliza, kwa upole kabisa, "Kaka, anakusikia?" Mpwa wangu akateremka kwenye kiti mpaka ikabaki kofia. Na yule stelingi kisu akachomwa. Nikasema moyoni, haya, si nilikwambia.

Tangu siku hiyo nina kitu kooni. Mimi nimekulia Chikongola. Picha nimejifunzia kwenye banda la video, na kule mtu akikaa kimya mpaka mwisho tulikuwa tunadhani anaumwa. Naomba tukumbushane. Sitaki orodha ya picha kali, hizo mnazijua wenyewe. Nataka yaliyosemwa na mtu aliyekaa jirani yako.

Naanza na la kwangu. 1999, nipo darasa la nne.

Banda kuta za udongo, paa la makuti, madirisha yamezibwa nailoni nyeusi, ya kwanza ilishatoboka ikawekewa ya pili juu yake. Mbele kuna TV ya chogo ndani ya kabati la mbao lenye kufuli, deki juu. Watoto tunakaa mchangani, shilingi 50. Wakubwa kwenye mabenchi, 100. Asiye na kitu anabaki nje na mama muuza ming'oko, anasikiliza. Msicheke, kusikiliza picha ilikuwa kazi inayojitegemea. Kesho yake shuleni msikilizaji alikuwa anasimulia vizuri kumshinda aliyeingia.

Mwenye banda tulimwita Bosi. Anasimama pembeni ya TV na kifimbo cha mwanzi, anatafsiri. Kila kitu kinaanzia "Anasema hivi". Picha la Kichina, maandishi ya Kiingereza yanapita chini, na Kiingereza cha Bosi sote tulijua kimeishia wapi. Mchina akitamka maneno matatu, Bosi anatoa thelathini. Mchina ameshatoka mlangoni, Bosi bado anamsemea.

Siku hiyo ilikuwa ile ya kijana ambaye mwalimu wake ameuawa na mzee wa ndevu nyeupe. Kijana anapanda milimani kutafuta mwalimu mwingine wa ngumi. Mwalimu mpya anamwambia, kwanza beba maji, ndoo mbili kwenye mti begani, ngazi mia, mwaka mzima. Sasa benchi la nyuma alikuwepo mama mmoja wa Newala, alikuja mjini kumuuguza ndugu yake. Newala mnaijua, watu wako juu uwandani, maji yako bondeni huko. Yule mama akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Kubeba maji ndiyo mazoezi? Basi Newala hakuna wa kutupiga."

Banda lilianguka. Bosi mwenyewe alisahau kutafsiri. Kuanzia hapo kijana kila akitokea na ndoo zake watu wanageuka nyuma: "Shangazi, huyu unamwonaje?" Naye anasahihisha. "Anamwaga huyo. Na begani anaweka ya nini, kichwa chake kina kazi gani?"

Sasa mwisho. Kijana amemkamata mzee wa ndevu, amempigisha magoti, upanga umepanda juu. Jenereta likazima.

Giza. Miluzi. Mtu anadai mia yake. Ndani ya giza ikaja sauti ya Bosi: "Tulieni. Namalizia."

Akamalizia kwa mdomo. Kwamba upanga ulipokuwa unashuka, yule mzee alinyanyua mkono kujikinga, nguo ikapanda, kijana akaona kovu la moto. Na mama yake siku anakata roho alimwambia: kaka yangu alipotea mdogo, utamjua kwa kovu la moto mkono wa kushoto. Mzee wa ndevu ni mjomba wake.

Wakuu, watu wa kusini hamhitaji nifafanue. Banda lilinyamaza mpaka mbu unawasikia. Kisha babu mmoja muuza mkaa akasema taratibu, humo humo gizani, "Mjomba hauawi." Watu wakaitikia kama wanaitikia dua. Hakuna aliyedai pesa tena. Mimi nilirudi nyumbani nalia.

2011 nikaikuta ile picha Kariakoo, kwenye CD. Mwisho wenyewe nikauona. Nitausema huko chini, kwanza mtupie ya kwenu.

#2 Ming'oko ya Moto

"Kichwa chake kina kazi gani" 😂😂 nimecheka mpaka mteja kaondoka. Natandika mkeka hapa.

#3 Kijana wa Mtanda

Lindi tupo.

Kwetu sheria ilikuwa moja, stelingi hafi. Ukiingia unauliza kwanza stelingi ni nani, unaonyeshwa, unatulia, maana umeshajua wa kumtegemea. Siku moja ikaletwa picha la kivita, kwenye kasha kuna jamaa maarufu, kifua wazi, bunduki mbili. Kila mtu akamweka huyo. Dakika ya kumi na tano akapigwa risasi akaanguka mtoni.

Hakuna aliyeshtuka hata kidogo. "Kajificha huyo." "Anavuta pumzi na bua chini ya maji." Picha likaendelea na watu wengine kabisa, wanapigana, wanapendana, wanakufa, na sisi hatuwajali, tunaangalia mto tu. Kamera ikipita karibu na maji banda zima linanyanyuka vitini. Kuna fundi baiskeli aliweka dau la soda kreti nzima kwamba atatokea.

Hakutokea. Majina yakaanza kupanda, watu wakainuka kutoka. Fundi baiskeli amekaa. Mwenye banda anamwambia, ndugu yangu, limekwisha. Akajibu, "Majina bado." Akakaa mpaka jina la mwisho, TV ikabaki na chengachenga. Ndipo akainuka, akajipangusa, akasema: "Kanda yako mbovu."

Soda hakulipa mpaka leo. Hoja yake ni kwamba maiti haikuonyeshwa.

#4 Mstaarabu

Nitakuwa tofauti na wengi. Hivi vitu mnavyovisifia ndivyo vilivyonifanya niache kwenda kwenye mabanda. Mtu ameshaiona mara tatu anakusimulia kabla haijafika. Mwingine anapiga miluzi, mwingine anaomba irudishwe nyuma aone teke tena. Sinema ni ya kuangalia, kuongea kuna vijiwe. Mleta uzi, yule kijana wa Dar alikuwa sahihi.

#5 Njomba wa Chikongola

Mstaarabu, kwa hao wanaosimulia mbele nakuunga mkono, wale wachapwe. Ila unapomwambia mtu kuna kisu nyuma yake, hiyo ni roho ya kibinadamu.

#6 Kijana wa Mtanda

Na wala siyo ushamba wa kwetu pekee. Kusini mwa India, Rajinikanth akitokea kwa mara ya kwanza kwenye picha mpya watu wanarusha sarafu na karatasi kuelekea kwenye pazia, nje lile bango lake refu wanalimwagia maziwa. Wale nao hawajastaarabika? Wana satelaiti wametengeneza wenyewe.

#7 Binti Mikindani

Naomba niwakumbushe kitu, mabanda mnayosimulia yalikuwa ya wanaume. Msichana akionekana anatoka kule jioni, habari inafika nyumbani kabla yake. Sisi banda letu lilikuwa sebuleni kwa jirani mwenye TV. Idi pili watoto wa mtaa mzima wamejaa, na bibi yangu mbele kwenye mkeka, kanga mbili, kikopo cha tambuu pembeni.

Picha la Kihindi. Mtoto anapotezana na mama yake kwenye gulio, shingoni ana kidani nusu, nusu nyingine anayo mama. Miaka ishirini inapita kwa wimbo mmoja. Mtoto sasa ni polisi, mama ni kipofu anauza maua nje ya kituo. Kila siku polisi anapita, anamnunulia ua, anaondoka. Bibi Kihindi hajui hata neno la kuombea maji, lakini alikuwa ameshamaliza kila kitu kichwani.

"Ndiye huyo, mama. Mpapase shingoni."

Yule mama anampa ua. Bibi: "Ua la nini! Shingoni!" Akaanza kumkasirikia yule polisi, kwamba mtoto gani haijui sauti ya mama yake. Kila wakikosana anapiga goti lake, pa.

Wamefika mahali mkono wa mama unapanda kuelekea shingoni, kweli kweli sasa, adhana ya magharibi ikasikika. Mwenye nyumba mtu wa dini, akazima. Tutaendelea baada ya isha.

Tukaenda kutawadha. Bibi akasali pale pale uani kwao, mimi nipo nyuma yake. Baada ya salamu akainua mikono, akaomba kwa ajili ya marehemu babu, akaomba kwa wagonjwa, akaomba mvua ya korosho isizidi. Halafu akashusha sauti: "Na yule mama, ya Rabi, mkutanishe na mwanawe."

Baada ya isha TV ikawashwa, mkono ukafika shingoni. Bibi hakushangilia. Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyejibiwa barua, akafungua kikopo chake cha tambuu.

#8 Ming'oko ya Moto

Binti Mikindani umeniliza mchana huu, na biashara haijatoka.

#9 Mwalimu Mstaafu

Hamjambo vijana wangu. Nyinyi mnazungumzia deki, sisi wengine tulianzia sinema ya gari. Enzi za kampeni ya Mtu ni Afya, 1973 na kuendelea, gari la serikali linaingia kijijini jioni, Nachingwea huko, shuka jeupe linafungwa kati ya miembe miwili. Wakiwahi wengine mbele, waliochelewa wanakwenda kukaa nyuma ya shuka. Na picha nyuma inaonekana vilevile, ila imegeuka. Kesho yake kisimani pakazuka ugomvi kuhusu yule bwana afya wa kwenye sinema. Watu wa mbele wanasema alichimba choo kwa mkono wa kulia, watu wa nyuma wanaapa yule ni wa mashoto. Ugomvi ulidumu wiki. Choo hakikuchimbwa.

Kuna hadithi moja wageni walipenda kuiandika kuhusu Waafrika na sinema, kwamba walionyeshwa mbu mkubwa ukuta mzima wakasema, "Afadhali sisi mbu wetu wadogo, hawawezi kutudhuru." Kauli hiyo mimi nimeisikia kwa masikio yangu, aliitoa jirani yangu, na alikuwa anatania. Watu wote walicheka. Mtaalamu aliyekuja na gari ndiye peke yake hakucheka, alitoa daftari.

Wao wenyewe wanayo ya kwao. Inasemwa kwamba Paris watu walikimbia ukumbini walipoona treni inawajia kwenye pazia. Onyesho la kwanza la kulipia la ndugu Lumière lilikuwa tarehe 28 Desemba 1895, na ile ya treni haikuwemo siku hiyo, ilikuja kuonyeshwa Januari 1896. Hilo la kukimbia wanahistoria wengi wanalitilia shaka. Kwetu treni ilipotokea kwenye shuka hakuna aliyekimbia. Wazee walikuwa wamefanya kazi kwenye reli ya karanga, Mtwara mpaka Nachingwea, iliyong'olewa mwanzoni mwa miaka ya 60. Mmoja alisimama, akaitazama mpaka behewa la mwisho, akasema: "Kumbe mlizipeleka huku."

#10 Njomba wa Chikongola

Mwalimu, shikamoo. "Kumbe mlizipeleka huku" naiandika ukutani.

#11 Sindimba

Nami la kwetu uwandani, Kitangari. Ilikuwa picha ya kutisha, kuna dude linatoka kisimani, sura ya kuchongwa, meno nje, nywele za kweli. Watoto wanapiga kelele. Dogo mmoja mjuaji akasema kwa sauti, "Si mtu huyo, kavaa sura tu, miguu ile pale inaonekana."

Mzee mmoja akamkata jicho. "Wewe umeingia jando?"

Dogo: "Bado."

"Basi umeyajulia wapi?"

Mnaojua mapiko, ngoma yetu ya sura za kuchongwa, mmeshanielewa. Asiyeelewa asiulize hapa, kuna kina mama. Dogo alitolewa nje na nusu ya kiingilio akarudishiwa. Picha ikaendelea, na lile dude liliheshimiwa mpaka mwisho.

#12 Baharia wa Shangani

Mleta uzi subiri kwanza. Hiyo picha ya mzee wa ndevu nyeupe, banda la Chikongola, Bosi wa kifimbo cha mwanzi? Niliingia mimi humo, Jumapili, tumetoka Nangwanda kuangalia mpira, vijana watupu. Jenereta lilizima kweli, upanga ukiwa juu. Lakini hakuna cha mjomba wala kovu! Bosi alisema ardhi ilitetemeka, kaburi la mwalimu likapasuka, mwalimu akatoka na vumbi lake akamwambia kijana, "Huyo niachie." Wakapigana usiku kucha, wawili hao, wazee kwa wazee. Watu walikuwa wanapanda juu ya mabenchi gizani. Benchi moja lilivunjika, nina alama ugokoni.

#13 Njomba wa Chikongola

Baharia, utakuwa umechanganya na picha nyingine. Mjomba. Kovu la moto. Nililia kwa macho yangu.

#14 Baharia wa Shangani

Sijachanganya. Kubeba maji ngazi mia, ndevu nyeupe, upanga juu, jenereta pu. Mguu ninao hapa.

#15 Ming'oko ya Moto

Jenereta limezima mahali pamoja siku mbili tofauti?

#16 Sindimba

Wakati mnabishana, niweke hili. Aprili 2012, Kanumba amefariki tarehe 7, wiki haijaisha. Banda likaweka picha yake. Kwa kawaida yeye akitokea kina dada wanapiga vigelegele. Siku hiyo alitokea akishuka kwenye gari, anacheka. Hakuna hata kikohozi. Anaongea, utani ule ule ambao tulikuwa tunaumalizia kabla yake, hakuna aliyeumalizia. Mwenye banda akainuka, akapunguza sauti kidogo, kama kwenye nyumba yenye msiba. Hakuna aliyelalamika.

#17 Kijana wa Mtanda

Dah. Nakumbuka wakati ule.

Kuhusu watafsiri, tusisahau kwamba jina lililofika kote ni Lufufu. Kanda zake zilikuwa zinafika mpaka Lindi, tafsiri imeshaingizwa ndani. Lakini wa kwenye kanda hakuoni. Huyu Bosi wenu alikuwa anawaona.

#18 Mama Ntilie Bima

Nimeletewa huu uzi na mwanangu. Sisi kina mama lishe tulikwenda pale Jumatano moja, tumechanga, tumekaa benchi moja watu saba ili tusisemwe. Ndiyo hiyo hiyo, ya ndoo za maji. Jenereta lilizima upanga ukiwa juu. Bosi akasema yule mzee alikuwa na binti, binti akajitupa katikati, upanga ukakata kilemba tu. Wakaoana. Alielezea mpaka pilau la harusi, nyama ilikuwa ya mbuzi. Sisi tukapiga vigelegele gizani humo mpaka watu wa nje wakadhani kuna jambo.

#19 Baharia wa Shangani

Pilau China?

#20 Ming'oko ya Moto

Siku tatu, jenereta moja, upanga ule ule. Huyu Bosi yuko wapi? Nina swali kuhusu mafuta ya jenereta.

#21 Deki Mbili

Niko Kilwa Masoko, nauza nyavu. Kijana wangu amenionyesha nikasema nijiunge, maana mnataka kupigana.

Kwanza mjue kanda zilivyokuwa zinakuja. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Kabla ya hapo basi la Dar linafika Ndundu, linasubiri kivuko, mvua zikiwa kubwa mnalala. Kanda hainunuliwi mpya. Inanunuliwa ikiwa imeshapita mikono ya watu Dar, inalowa, inaliwa na vumbi, ikifika kwangu nafungua deki nasugua kichwa chake kwa spiriti na kitambaa cha shati, ndipo kuna picha. Huwezi kuirudisha. Ukipewa mbovu, ndiyo mali yako hiyo.

Ile ya ndoo za maji nilionyesha mara ya kwanza Jumamosi mchana, bila kuiangalia kabla. Banda limejaa. Upanga ukapanda. Ikapita mistari kama mvua. Halafu akatokea Zidane, akaunganisha kona kwa kichwa, goli.

Aliyeniuzia alikuwa ameirekodia juu. Magoli ya fainali ya Kombe la Dunia, 12 Julai 1998, Ufaransa na Brazil, ameyachukua kwenye taarifa ya habari, akafuta mwisho wa picha yangu.

Mimi nimesimama na kifimbo, sina la kusema. Banda kimya. Zidane si mnakijua kile kipara cha utosini, kama cha watawa wa Kichina. Mzee mmoja akauliza, "Huyo ndiye mwalimu wa mlimani? Amekuja kumsaidia?" Kabla sijajibu Zidane akapiga kichwa cha pili. Watu wakasimama, wakapiga makofi. Wakaangalia la tatu, wakaangalia kombe linanyanyuliwa, wakatoka wameridhika. Aliyedai pesa yake alikuwa mmoja tu, shabiki wa Brazil.

Sasa nifanyeje? Kanda nimeilipia. Nikamweka dogo kwenye jenereta nje. Nikigonga kabati mara mbili kwa kifimbo, anafunga mafuta. Mwisho natoa mwenyewe.

Na mwisho nilikuwa nautoa kwa kuangalia nani yumo. Jumapili vijana wametoka mpirani, damu inachemka, nikawafufulia mwalimu. Kina mama lishe walikuja na pesa ya kuchanga, nisingeweza kuwaonyesha mtu anachinjwa. Wewe uliyelia, siku yako alikuwepo yule mzee wa mkaa. Wapwa zake walikuwa hawamsalimii mwaka mzima kwa sababu ya mikorosho, na wawili walikuwa wamekaa humo humo, benchi la ukutani. Nikatoa mjomba.

Benchi nilitengeneza kwa pesa yangu, Baharia. Pole ya mguu.

#22 Mstaarabu

Nimesoma mpaka hapa. Swali moja, walimsalimia?

#23 Deki Mbili

Mmoja. Palepale mlangoni, alimbebea gunia tupu. Wa pili simjui aliishia wapi.

#24 Njomba wa Chikongola

Bosi, shikamoo. Miaka yote hii nadhani nilimlilia Mchina.

Basi niseme mwisho wenyewe ule wa kwenye CD?

#25 Deki Mbili

Marahaba. Mimi sijauona mpaka leo. Usiniambie.

#26 Ming'oko ya Moto

Mleta uzi, mimi nitumie PM.

#27 Baharia wa Shangani

Na mimi.

#28 Mama Ntilie Bima

Mimi hapana. Kwangu walioana.